Kufuatilia ujenzi wa nyumba ya familia ukiwa mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tunajenga Kibaha, nyumba ya mama, ya chini tu sio gorofa, vyumba vinne na sebule kubwa ya kutosha watoto na wajukuu tukikutana. Sisi watoto tumetawanyika, wengine Mwanza, wengine Dodoma na mmoja yuko Muscat, kwahiyo kufuatilia ujenzi nimebeba mimi, na kila nikiongea na mtu mwingine anayejenga akiwa mbali nakuta maswali ni yaleyale. Nimeyaweka hapa yote. Bei sijaandika maana saruji inapanda na kushuka kila siku, ila vipimo havipandi.

Mimi sio fundi wala injinia, sasa nafuatilia nini hasa?

Fuatilia vile vitu ambavyo vitafunikwa. Kama huna nafasi ya kusoma majibu mengine yote basi shika hili, kila kitu kitakachofukiwa au kuzibwa ukione kabla hakijazibwa. Shimo la msingi kabla ya zege ya chini, nondo kabla ya kumwaga zege, kifusi kinavyoshindiliwa kabla ya jamvi (lile zege la sakafu), mabomba ya chooni kabla ya jamvi, mipaipu ya umeme kabla ya plasta, kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kabla ya dari. Rangi na tailizi utaziona siku yoyote ukifika, na kama hujazipenda utabadilisha, lakini nondo iliyopungua ndani ya mkanda wa zege unaofunga kuta hutaiona tena mpaka ukuta upasuke, na hapo kurekebisha ni kubomoa.

Kwahiyo mwambie fundi tangu siku ya kwanza, na ikiwezekana iandikwe kwenye mkataba, kwamba hakuna kumwaga zege wala kufukia mpaka mimi au mtu wangu ameona. Fundi mzuri hachukii hilo, tena wengi wanafurahi kwasababu kazi yake inaonekana.

Fundi ananitumia picha kila siku, hazitoshi?

Picha inasaidia lakini inaonyesha kile mpigaji alichotaka kuonyesha. Picha ya nyumba kwa mbele ndo inatumwa sana na ndo ina faida ndogo kuliko zote. Mimi naomba vidio ya kutembea, aanzie kona moja ya nyumba azunguke bila kukata mpaka arudi palepale, halafu aingie chumba kimoja kimoja. Na simu ya vidio ni bora zaidi kwasababu unaweza kusema hebu simama hapo, shusha simu, weka futi kwenye hiyo nondo nione. Kila kipimo kipigwe picha na futi ikiwa imelala juu yake, namba zisomeke.

Halafu picha zote zihifadhiwe kwa tarehe na kwa hatua, usiziache kwenye WhatsApp zichanganyike na picha za harusi. Picha za mabomba na waya utazihitaji miaka kumi ijayo siku fundi anataka kutoboa ukuta.

Nani awe macho yangu pale saiti? Mjomba anakaa jirani kabisa.

Mjomba ni sawa kama ana muda na kama anaweza kumwambia fundi hapana. Shida ya ndugu ni heshima, ukikuta mahesabu hayajakaa vizuri unaona haya kumuuliza mtu mzima, naye anaona umemvunjia heshima. Sisi tulichofanya tumetenganisha kazi, mtu anayenunua vifaa siye anayevipokea, na anayevipokea siye anayevitumia. Mama mdogo ana daftari la stoo, kila mfuko wa saruji unaoingia anaandika na kila unaotoka anaandika na fundi anasaini, basi. Hajui lolote la ujenzi na hahitaji kujua.

Na kwenye hatua zile za kufunikwa tunamlipa mtu mwenye ujuzi, injinia au fundi sanifu ambaye sio rafiki wa fundi wetu, anakuja anakagua anaandika anaondoka. Ni hela lakini ni ndogo sana ukilinganisha na jamvi lote. Huhitaji aje kila siku, mara chache tu ila kwenye hatua zenyewe.

Nitajuaje saruji niliyonunua yote imeingia kwenye nyumba?

Kwa hesabu. Hapa nitaongea kirefu kwasababu saruji ndo inapotelea hela za watu wengi, na kinachotokea sio lazima iwe wizi, wakati mwingine ni uzembe tu au mfuko umelowa stoo.

Chukua jamvi. Tuseme nyumba ni mita 12 kwa 10 na jamvi ni inchi 4, yaani karibu sentimita 10, hapo una mita za ujazo 12 za zege. Kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja mchanga mbili kokoto nne, mita moja ya ujazo inakula mifuko sita mpaka sita na nusu ya kilo 50. Kwahiyo jamvi hilo litakula mifuko kati ya 72 na 78. Fundi akikuambia 120 muulize na akikuambia ametumia 45 muulize zaidi, kwasababu hiyo 45 ni hatari kuliko ile 120. Watu tunafurahia fundi anayebana saruji bila kujua ameibana kwenye nini.

Vipimo vya saiti ni hivi, mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama lita 35, kwahiyo kwa kila mfuko mchanga ni ndoo tatu na nusu za lita 20 na kokoto ni ndoo saba. Wanaotumia toroli huwa wanaweka toroli moja la mchanga na mawili ya kokoto kwa mfuko, inakaribiana. Siku ya zege mtu wako asimame pale kwenye kuchanganyia ahesabu ndoo, na aangalie maji pia maana zege likiwa uji linamwagika kirahisi na mafundi wanalipenda, ila likikauka linakuwa dhaifu.

Ukuta nao unahesabika. Tofali la inchi 6 likisimamishwa, ule uso wa inchi 9 kwa 18, mita moja ya mraba inakula tofali karibu 9, weka 10 na za kuvunjika. Likilazwa kama kwenye msingi inakula karibu 13. Pima urefu wa kuta zote kwenye ramani, zidisha na kimo, toa milango na madirisha, utapata namba yako mwenyewe kabla fundi hajakutajia yake.

Na tofali zenyewe nitajuaje ni nzuri?

Uliza mfuko mmoja wanatoa tofali ngapi. Wanaojali watakutajia 25 mpaka 30 za inchi 6, wapo wanaofika 50, na kadiri idadi inavyopanda ndivyo unavyonunua mchanga uliokauka. Bei ikiwa chini sana kuliko ya wengine jua sababu ni hiyo. Likwaruze kwa msumari, likimomonyoka kirahisi achana nalo. Liangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ya kawaida, likisambaratika kabisa usilipe. Uliza pia limemwagiliwa siku ngapi, maana tofali la jana asubuhi kupakiwa kwenye Fuso leo jioni ni hasara.

Sisi tumefyatulia palepale kwenye kiwanja, inachukua nafasi na inataka maji mengi lakini unaona kila kitu kwa macho yako.

Nondo nakaguaje wakati ziko Kibaha na mimi niko Mwanza?

Kwa mzani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa karibu kilo 10.7, ya milimita 10 karibu kilo 7.4, ya milimita 16 karibu kilo 19. Ukikuta ya 12 ina kilo 8 na kitu basi hiyo sio 12 hata kama muuzaji anaiita hivyo, na urefu nao upimwe maana zipo zinazokatwa fupi. Mtu wako afanye hayo dukani kabla hazijapakiwa, sio saiti.

Zikishafungwa angalia vitu viwili. Kwanza ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo, ziko umbali gani na ziwe sawasawa na ramani, zisiwe zimebanana pale mpiga picha aliposimama halafu kwa mbele zimeachana. Pili nondo isilale chini kwenye udongo au kugusa mbao za fomu, lazima iinuliwe na vile vipande vya zege, mafundi wengi wanaviita biskuti, kwenye msingi iachwe kama inchi 2 na kwenye mkanda na nguzo inchi 1. Nondo iliyogusa udongo inaoza, na ikioza inavimba na kupasua zege.

Msingi umekula hela yote na hakuna kinachoonekana, ni kawaida?

Ni kawaida, na ndo swali linaloongoza kwenye familia. Ndugu akipita akaona majani na kuta fupi za magotini anasema hela imeliwa. Hapo chini kuna kuchimba, zege ya chini, tofali za kulaza, mkanda wa chini, kifusi, kushindilia, dawa ya mchwa, nailoni, mabomba halafu ndo jamvi. Kiwanja kikiwa na mteremko kama vingi vya Kimara au Goba hesabu inaongezeka zaidi, na kikiwa na mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika usianze bila injinia kuona udongo.

Kifusi ndo sehemu inayodharauliwa. Kinatakiwa kumwagwa kwa tabaka, kama inchi 6, kinamwagiwa maji kinashindiliwa, halafu tabaka lingine. Wakijaza lori zote kwa mara moja na kupiga juu juu, jamvi litakaa vizuri mwaka wa kwanza halafu sakafu itaanza kuzama katikati ya sebule na tailizi zako zitapasuka. Dawa ya mchwa kwa huku kwetu Pwani usiiruke, na nailoni iwe nzito, geji 1000, isiwe ile nyepesi ya kufunikia.

Kwanini fundi anadai maji kila siku wakati zege limeshakauka?

Anadai haki na mshukuru. Zege halikauki kama nguo, linakomaa kwa kutumia maji, na yakikosekana siku za mwanzo linaacha kukomaa hata kama kwa nje ni gumu. Angalau siku 7 jamvi, mkanda na nguzo viwe na unyevu muda wote, mwagilia asubuhi na jioni, au zungushia tuta la mchanga juu ya jamvi ujaze maji, au funika na magunia yaliyolowa. Zege linapimwa nguvu yake kamili siku ya 28, siku ya 7 linakuwa limefika kama theluthi mbili. Na zile mbao zilizoshikilia kwa chini lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, ziachwe wiki mbili hata kama fundi anazitaka kwenye saiti nyingine, za pembeni anaweza kutoa mapema.

Kama kiwanja hakina maji nunua simtanki kabla ya saruji, huo ndo mpangilio sahihi.

Fundi nimlipe kwa siku au kwa kazi?

Kwa kazi, kwa hatua, na kila hatua iwe na mwisho unaoonekana. Mfano msingi mpaka jamvi, boma mpaka lenta, kozi za juu (mistari ya tofali juu ya lenta), kupaua, plasta. Unampa kidogo cha kuanzia cha kula yeye na saidia fundi wake, sehemu kubwa anapata hatua ikifika na kubaki kidogo mpaka ukaguzi upite. Usilipe hatua inayofuata wakati hii haijaisha kwasababu eti mtoto anaumwa, kama ana shida kweli msaidie kama binadamu mwenzio, ila iandikwe kando kama msaada au mkopo isiingie kwenye hesabu za nyumba. Vifaa nunua mwenyewe, lipa dukani moja kwa moja kwa simu, dai risiti ya EFD.

Boma linaweza kukaa muda gani bila kupaua?

Inategemea ulivyoliacha. Tunayaona maboma Bunju, Chanika, Kigamboni, kila mahali, yamekaa miaka, na mengi yapo salama tu, watu wanajenga kwa uwezo wao na hakuna aibu hapo. Ila kama unajua hela imekata simamia pazuri. Pazuri ni baada ya lenta, sio kabla, kwasababu lenta ndo inafunga kuta zote pamoja, ukuta mrefu usio na lenta upepo unaweza kuulaza. Kozi ya juu ipakwe udongo wa saruji ili maji yasiingie ndani ya ukuta, nondo zilizochomoza zipakwe grauti au zifungwe, na maji ya mvua yachimbiwe mfereji yasituame kwenye msingi. Ukirudi kuendelea injinia aangalie kwanza.

Kwenye paa niangalie nini zaidi ya bati?

Mbao. Kila mtu anauliza bati la geji 28 au 30, na jibu ni kwamba namba ikiwa ndogo bati ni nene, mimi nimechagua 28 kwasababu tupo sehemu ya upepo na mama hatapanda juu kurekebisha. Lakini bati zito juu ya kenchi mbovu litayumba tu. Mbao nyingi zinazoletwa huku zinatoka Mafinga, uliza kama zimewekwa dawa na zimekauka, mbao mbichi ikikaukia juu inapinda na paa linakuwa na mawimbi, unaliona ukiwa barabarani. Pima unene, wanasema 2 kwa 4 halafu ukiweka futi hata 2 haifiki. Na kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa nondo au waya zilizoachwa kwenye lenta, paa halishikiliwi na uzito wake.

Mabomba na waya?

Bomba la choo la inchi 4 kabla ya jamvi liwe na mteremko wa sentimita 2 mpaka 2.5 kila mita, wajaze maji uone yanatoka. Mabomba ya maji safi yajaribiwe kwa presha kabla ya plasta, ukiyajaribu baada ya tailizi umechelewa. Umeme afanye mtu mwenye leseni ya EWURA, na kabla ya plasta kaa na mama, mpitishe chumba kwa chumba kwenye simu ya vidio, muulize kitanda kitakaa wapi, friji wapi, anataka swichi wapi. Yeye ndo atakaa humo.

Mvua je, tusubiri?

Kuchimba msingi katikati ya masika, yaani Machi mpaka Mei, sikushauri, mashimo yanajaa maji na kingo zinabomoka, na lori za mchanga na kokoto za Lugoba hazifiki kwenye barabara zetu za ndani. Kupanga msingi Juni mpaka Septemba na kupaua kabla ya masika inayofuata ni mpango mzuri. Plasta ya ndani inaweza kuendelea kwenye mvua kama paa lipo.

Umeme na maji naomba lini? Na kibali?

Kibali cha ujenzi cha halmashauri kabla ya kuchimba, pamoja na kuhakikisha bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, ziko mahali pake, na mwenyekiti wa mtaa ajue kuna saiti. Umeme unaomba waya zikiwa tayari, kwa TANESCO siku hizi kuna NIKONEKT, huduma ya kuomba umeme kwenye simu, andaa namba ya NIDA. Maji ya DAWASA kama bomba linapita jirani omba mapema kabisa, yatakusaidia kumwagilia.

Ndugu wanaochanga wanataka taarifa kila saa, naitoaje?

Kwetu ni Jumapili jioni, taarifa moja kwenye grupu, yenye mambo manne tu, kilichofanyika, hela iliyoingia na kutoka pamoja na picha za risiti, kilichobaki stoo, na hatua inayokuja. Hata kama wiki hiyo hakuna kilichofanyika tunaandika hakuna kilichofanyika, kwasababu kimya ndo kinachozaa maneno. Asiyechanga anapata taarifa sawa na aliyechanga, nyumba ni ya mama wa wote. Na mama mwenyewe hatumtumii mahesabu, tunamtumia vidio ya kuzunguka nyumba.

Tunaweza kuhamia kabla haijaisha?

Ndio, wengi tunafanya hivyo. Viwepo paa, milango ya nje na grili za madirisha, choo kinachofanya kazi na karo lenye mfuniko, maji, na umeme uliofungwa kwa usahihi hata kama ni vyumba viwili tu. Dari, skimu ya kulainisha kuta, tailizi na makabati vinaweza kufuata chumba kimoja kimoja, finishingi inakula hela nyingi kuliko watu wanavyodhani na hailazimishi haraka. Kinachotakiwa kuisha kabisa kabla mtu mzima hajaingia ni sakafu ya kuanzia chumbani mpaka chooni, isiwe na ngazi wala vumbi la kuteleza, na taa ya njia hiyo iwake. Kwa mama tumeanza na hicho kipande.